Matabaka Tisa ya Tope

Mwaka ule mvua ziligoma. Lambo la Chiola likanywea siku hata siku, mpaka likabaki dimbwi moja la kijani katikati ambalo hata mbuzi walilinusa wakageuza shingo. Mkutano wa kijiji ukaamua kila kaya itoe mtu mmoja, tope lichimbwe litolewe, ili mvua zijazo zikute lambo lina kina. Kutoka kwa mzee Bashiri akatoka binti yake Biasha, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye mikono ya kazi na ulimi mkali uliojulikana kijiji kizima.

Ulimi huo hakuzaliwa nao. Aliyeunoa, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Harithi.

Harithi alikuwa mumewe, kijana wa Mtua, mpole, mwenye kucheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Kwa desturi ya kwao alihamia Chiola ukweni, akaishika mikorosho ya mkewe kama yake. Kabla binti yao Shakila hajazaliwa pikipiki ilimwangukia ikamvunja muundi wa mguu wa kushoto. Madaktari wakamtia chuma ndani, kibati kirefu chenye skrubu sita, na Biasha akamuuguza miezi mitano. Alimbeba mgongoni kumpeleka uani, na watu wakicheka aliwajibu, "Mzigo wangu, mgongo wangu."

Shakila alipofika miaka mitatu, Harithi akaenda Ruangwa kuchimba vito na wenzake, akiahidi kurudi mvua zikikolea, wapalilie ufuta pamoja. Mwaka huo mvua zilikolea kupita kiasi. Jumatano alipiga simu, akasema kesho yake angekuwa nyumbani. Alhamisi vijito vyote vilifurika, maji yakapita juu ya tuta la lambo, njia zikakatika. Harithi hakufika.

Siku tatu Biasha alizunguka kingo za maji akiita mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne akaja Jonasi, aliyekuwa akichimba na Harithi shimo moja.

"Shemeji, acha kujitesa," alisema. "Ijumaa nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Yuko juu ya lori la Masasi, na yule mwanamke aliyekuwa akitupikia chakula machimboni. Nilimpungia mkono, hakunitazama."

Basi. Kilio kikakatika hapo hapo, na pahali pake pakaingia hasira. Ufuta ulipovunwa, Biasha alizitoa nguo za Harithi ndani, akazichoma nyuma ya choo. Akapiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani. Alipokwenda kumwandikisha Shakila shule na mwalimu akauliza jina la baba, alijibu "Bashiri", jina la babu, na mtoto akaandikwa hivyo. Na bibi Mwanabibi, mama yake Harithi, alipofunga safari kutoka Mtua na kuku mkononi kuja kumwona mjukuu, Biasha alimkuta uani akamzuia pale pale.

"Mwanao ametutupa," alimwambia. "Na wewe ndiye uliyemzaa. Usije tena hapa."

Mwanabibi alimweka kuku chini, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akageuka akaenda zake. Hakurudi tena. Shakila alikua akijua kwamba baba yake ni mtu aliyewakimbia, na kwamba mtu wa namna hiyo haulizwi habari zake.

Sasa ulikuwa msimu wa tisa.

Kuchimba kulianza baada ya mbaazi kuvunwa. Wanaume walishika sepetu, wanawake wakabeba makarai. Alikuwapo pia Getruda, mtaalamu wa miamba na udongo, aliyepanga chumba Ruangwa alikokuwa akifanya kazi kwenye utafiti wa kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea penseli. Kijiji kilimwomba awasaidie kujua tope lina kina gani, naye akawa anakuja na pikipiki yake mara mbili kwa wiki, buti miguuni, kitambaa kichwani, bomba refu la plastiki limefungwa ubavuni. Alilididimiza bomba lile topeni, akalivuta, akalipasua kwa urefu, na ndani tope lilionekana limepangana kama chapati.

Wanawake walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo. Walimuuliza, naye akajibu.

"Dada Getruda, mbona udongo wetu mwekundu, na tope hili jeusi tititi?"

"Ule wekundu ni kutu, mama. Ardhi yetu imejaa chuma. Maji yakiuleta udongo humu na majani yakaoza ndani yake, hewa iliyomo topeni inaliwa yote. Hewa ikiisha, vijidudu visivyoonekana vinageukia ile kutu. Chuma kinayeyuka, wekundu unapotea." Aliliponda tonge la tope kati ya vidole. "Watu wanadhani tope likishatua limelala. Halilali. Siku ile ile linapotua linaanza kupikwa."

"Linapikwa bila moto!"

"Bila moto. Na linaivisha vitu ambavyo havikuwamo."

Wakacheka. Biasha alicheka nao, akajitwisha karai lake.

Siku ya sita walikuwa wamefika chini, karibu na njia ya zamani iliyokuwa ikikatiza chini ya tuta. Saa nne asubuhi sepetu la mtu mmoja liligonga kitu, naye Biasha akainama kukitoa kwa mikono akidhani ni mzizi. Ulikuwa mfupa. Mrefu, umepakwa unga mweupe mweupe kama ukungu wa muhogo. Wakasema ni wa mnyama, wakauweka ukingoni juani. Ukatoka wa pili, na wa tatu.

Mwanamke mmoja ndiye aliyepiga kelele. Mfupa wa kwanza, ule ulioachwa juani, ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Weupe wake ulikuwa unakwenda ukiwa kijivu, na kijivu kinakwenda kikiwa buluu, mbele ya macho yao, kama kitambaa kinachonywa wino. Makarai yakatupwa. Watu wakapanda ukingo mbio, wengine wakimtaja Mungu, wengine wakitaja majina ya wanaodhaniwa wachawi.

Getruda alibaki chini. Alipiga magoti, akautazama mfupa bila kuugusa, na uso wake ukabadilika.

"Si uchawi," aliwaambia waliokuwa juu, taratibu. "Mfupa una kitu kile kile mnachotia shambani kwenye mbolea, fosforasi. Chuma kilichoyeyuka topeni kikikutana nacho, vinashikana, vinazaa madini mapya. Huko chini hayana rangi. Yakionja hewa ndiyo yanageuka buluu." Akainuka. "Lakini mwiteni mtendaji wa kijiji. Huyu si mnyama."

Biasha hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama tope likimfika magotini, anatazama pale mifupa ilipotoka. Kitu fulani kilikuwa kimechomoza, kimenyooka mno kuwa mzizi. Aliinama akakivuta. Kilitoka pamoja na mfupa wake, kimeushika bado. Alikipangusa kwa kanga. Kibati cha chuma, kirefu kama kiganja, na vichwa vya skrubu. Alivihesabu kwa kidole gumba, ingawa alijua idadi kabla hajafika mwisho.

Sita.

Alikaa chini, pale pale topeni, na ule mguu mapajani mwake, kama alivyokuwa akiulaza zamani alipokuwa akiusafisha kidonda.

Getruda alimsogelea. "Mama Shakila. Unamfahamu?"

"Mume wangu."

Getruda alimshika bega. Kisha Biasha akainua uso, na macho yake yalikuwa makavu, yamemtoka.

"Nataka kujua lini," alisema. "Wewe unasoma tope. Nisomee. Alikuja humu lini?"

"Mama, tusubiri polisi kwanza, leo si siku ya..."

"Nisomee!"

Getruda alimtazama. Akachukua panga, akaukwangua ukuta wa shimo pembeni ya ile mifupa, kutoka juu hadi chini, mpaka ukawa laini kama ukuta uliosilibwa. Mistari ikajitokeza.

"Mvua zikianza, maji yanakuja kwa nguvu, yanaleta mchanga," alisema kwa sauti ya chini. "Yakitulia, tope laini linashuka juu ya mchanga. Mchanga, tope. Mchanga, tope. Kila jozi ni msimu mmoja. Huu mwembamba wa juu kabisa, kama ukucha, ni wa mwaka huu."

"Mmoja," alisema Biasha.

Alitia kidole ukutani, akaanza kushuka. Wa pili ulikuwa mwaka Shakila aliposhikwa na malaria kali, akamkimbiza zahanati peke yake. Wa tatu ulikuwa mwaka korosho zilipoungua maua kwa ukungu, kwa kuwa hakupata mtu wa kumpulizia salfa. Wa nne hakuukumbuka. Wa tano ulikuwa mnene, wenye majani meusi ndani yake, na hapo kidole chake kikapunguza mwendo. Kwani moyoni alikuwa anaomba kitu, na alijua anachokiomba. Aliomba matabaka yaishe. Yaishe kwenye sita, yaishe kwenye saba. Yakiisha hapo, basi Harithi alikimbia kweli, akakaa huko Masasi na mwanamke wake mwaka, miwili, kisha akajirudi akafia njiani. Kosa lingebaki la Harithi.

Wa saba. Wa nane.

Wa tisa ulikuwa tope jeusi lenye vidoa vyeupe vya ule unga, na chini yake mchanga mnene wenye kokoto, mchanga ambao maji ya kawaida hayawezi kuubeba.

"Huu ni wa mafuriko," alisema Getruda. "Yeye alilala juu yake. Na hili tope la kwanza lililomfunika halijavurugwa, mama, wala halijakatwa. Lilitua juu yake msimu ule ule."

Biasha alianza tena kutoka juu. Alihesabu mara ya pili, mara ya tatu. Getruda alimwacha ahesabu. Alipoona anaanza ya nne alimshika mkono, akauondoa ukutani, na hapo ndipo Biasha alipolia. Alilia kwa sauti ambayo watu wa Chiola hawakuwahi kuisikia kwake, hata siku zile za mafuriko.

Polisi walikuja kutoka Nachingwea, wakaichukua mifupa kwa daktari. Zilipita siku kumi na moja kabla haijaruhusiwa kuzikwa. Katika siku hizo Jonasi alikuja mara moja, akasimama nje ya ua, kofia mkononi. Alisema labda yule wa kwenye lori alikuwa mtu mwingine, lori lilikuwa likienda mbio. Biasha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. "Uliniambia nilichokuwa tayari kukiamini," alimjibu, akaingia ndani.

Alikwenda kwa Sheikh Abdulkarimu, imamu wa msikiti wao, akakaa mkekani nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, sheikh. Nimekuja kuuliza eda yangu naianza lini. Nianze leo, au nianze siku ya kuzika?"

Sheikh aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa huruma na jibu alikuwa nalo, ila lilimpa shida kutoka.

"Eda ya mjane inaanza siku mumewe anapofariki, mwanangu, hata kama yeye hana habari. Miezi minne na siku kumi. Yako ilianza siku ile ya mafuriko. Ilikwisha zamani. Huna deni la eda. Mwombee dua tu."

"Kwa hiyo siwezi kukaa?"

"Huwezi kukaa kitu kilichokwisha."

Biasha aliaga. Njiani alihesabu miezi kwa vidole. Miezi minne na siku kumi tangu mafuriko ilimfikisha wakati wa kuvuna ufuta. Wakati wa kuvuna ufuta ndipo alipozichoma nguo. Siku zile zile eda yake ilipokuwa inakwisha, yeye alikuwa nyuma ya choo anachochea moto kwa ubao na kumlaani maiti.

Habari ya Mtua alisema ataipeleka mwenyewe. Alipanda bodaboda asubuhi, akashukia mbali kidogo, akaenda kwa miguu. Mwanabibi alikuwa barazani akipukuchua mbaazi. Alikuwa amezeeka, amepungua, ungo umekuwa mkubwa kuliko yeye. Alimwona mkwewe akija, akaacha mikono yake juu ya mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Biasha alipiga magoti vumbini, hakungoja kukaribishwa. "Mama, Harithi ameonekana."

Uso wa kikongwe uliwaka. Uliwaka kweli, ghafla, kama wa msichana, na kwa kuuona ule mwanga Biasha alielewa kwamba ametumia neno baya kuliko yote.

"Yuko wapi? Masasi? Amekuja na watoto?"

"Mama. Ameonekana lamboni. Alikufa na maji. Siku ile ile ya mafuriko, alikuwa anakuja nyumbani."

Mbaazi chache zilidondoka kutoka kwenye ungo. Mwanabibi aliziokota moja moja, akazirudisha, na ilichukua muda mrefu kwa kuwa vidole havikuwa vikishika vizuri.

"Nilikufukuza," alisema Biasha. "Nikamtukana mwanao na wewe nikakutukana, na yeye alikuwa pale pale chini, mwendo mfupi kuliko muda wa kuchemsha maji kutoka mlangoni kwangu. Nipige, mama. Niambie lolote."

Kikongwe alitikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na alipohemewa alichanganya na Kimwera, lakini siku hiyo aliyatafuta maneno moja moja ili mkwewe asikose hata moja.

"Sikuwa na hasira na wewe," alisema. "Wewe ulisema amekimbia. Watu wote wakasema. Mimi nikaitikia. Nilijua mwanangu si mtu wa kukimbia, nilimzaa mimi. Lakini anayekimbia yuko hai. Kila ulipomlaani nikasikia, nilishukuru. Nilisema, mwacheni Biasha amlaani, maiti halaaniwi. Basi yuko mahali anakula." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Wewe ndiye uliyemweka hai, miaka yote. Sasa umekuja kumuua."

Halikuwa neno la ukali. Ndiyo maana Biasha hakuweza kulikimbia. Aliweka kichwa kwenye magoti ya mkwewe, na Mwanabibi akauweka mkono wake wenye vumbi la mbaazi juu ya kichwa kile, wakakaa hivyo mpaka majirani walipoanza kujaa.

Baadaye, wakati maji ya kunywa yalipoletwa, Mwanabibi aliuliza, "Mara ya mwisho alisema nini?"

Biasha hakuwahi kumwambia mtu. "Aliuliza kama ufuta umeota. Alisema mvua kubwa Ruangwa, labda angoje Jumamosi zipungue. Nikamwambia, si uje uone mwenyewe! Nilikuwa nimechoka, mama, mtoto analia. Nikakata simu. Baadaye kidogo akapiga tena, akasema, haya, nakuja kesho."

Mwanabibi alifikiri. "Na ulikuwa umeota?"

"Ulikuwa umeota wote."

"Haya," alisema kikongwe.

Walimzika Harithi Chiola, kwenye makaburi ya upande wa mikorosho ya zamani. Mifupa ilikuwa imekoza buluu, na waoshaji walimuuliza sheikh kama wajaribu kuitoa ile rangi. Sheikh akasema waache, maji na tope vimekwisha kumwosha kwa namna yao, wao wamtilie sanda tu. Getruda alikuja kutoka Ruangwa akasimama na wanawake kwa mbali, mtandio kichwani. Alipoaga, Biasha alimshukuru, na Getruda akasema, "Samahani, mama Shakila. Kuna siku nilitamani nisingekuwa najua kusoma."

Mwanabibi hakurudi Mtua. Alilala chumba kimoja na mjukuu wake, akala kidogo, na mvua za kwanza hazikumkuta hai. Biasha ndiye aliyemwosha, na kwake yeye alifanya kila kitu kwa wakati wake.

Shakila aliyachukua yote kimya kimya, kama watoto waliofundishwa kutouliza. Ilikuwa baada ya arobaini ya bibi, lambo likiwa limejaa na maji yake bado mekundu kwa udongo ambao haujatua, ndipo aliposogea jikoni mama yake akisonga ugali.

"Mama, watu wananipa pole ya baba. Sijui nilie nini. Simjui." Alichokoa majivu kwa kijiti. "Alikuwaje?"

Biasha aliacha mwiko. Akaanza kumweleza. Alimweleza mguu uliochechemea wakati wa baridi, mabega yaliyocheka kwanza, jinsi alivyomtupa Shakila juu na kumdaka, jinsi alivyokuwa akila kwa haraka kisha akasubiri wengine wamalize. Maneno yalitoka kwa shida mwanzoni, kisha yakatiririka.

"Na sauti yake?" aliuliza mtoto. "Aliniitaje?"

Biasha alifungua mdomo. Alimwona Harithi mlangoni akiinama kupita, alimwona akiuvuta mdomo kuita jina la binti yake, lakini hakusikia kitu. Alifumba macho akajaribu na ile simu ya mwisho, haya, nakuja kesho. Maneno yalikuwapo yote. Yalikuja kwa sauti yake yeye mwenyewe, Biasha. Kwa miaka tisa alikuwa amefanya bidii kuisahau sauti ile, kila ilipomjia akaifukuza, na bidii yake ilikuwa imezaa matunda.

"Ngoja," alimwambia mtoto. "Ngoja, itakuja."

Shakila aliketi chini karibu naye, akangoja. Ugali ukaanza kuungua, na hakuna aliyeuepua.